Sifa za Foleni ya Viza ya Muuguzi

Foleni ya viza ya kazi ya muuguzi ni foleni isiyo na mstari. Walio ndani yake hawaonani wala hawajui nani yuko mbele yao, na wengi wako zamu usiku katika wodi za Nakuru, Kisii na Mombasa huku wakihesabiwa kuwa wamesimama Washington, London au Berlin. Imesemwa vibaya miaka mingi, kwa kuwa kinachochelewesha hakikosi wa kukilaani. Ikichunguzwa kwa utulivu, asili yake, tabia yake na kazi inayofanya, foleni hii inaonekana kuwa mtumishi mwaminifu kuliko wote wa sekta ya afya Afrika Mashariki, na wa pekee ambaye hajawahi kugoma.

Kwa nasaba, tawi lake la Marekani ni la watoto wa Bunge. Sheria ya 1989 iliwapa wauguzi wa kigeni viza yao wenyewe, H-1A, ambayo ilifariki 1995. Sheria ya 1999 ikamzaa H-1C, mdogo kuliko wote: viza 500 kwa mwaka, kwa hospitali za maeneo yenye shida, na zilizotimiza masharti yake nchi nzima zilikuwa 14. Naye akazikwa Desemba 2009. H-1B, kipenzi cha wataalamu wa kompyuta, kwa kawaida humkataa muuguzi kwa hoja kwamba kazi yake, kisheria, si lazima ifanywe na mwenye digrii. Katika ukoo huo anayestahili sifa ni EB-3, viza ya makazi ya kudumu iliyotokana na Sheria ya Uhamiaji ya 1990. Mwajiri ndiye huwasilisha ombi, na muuguzi akifaulu huingia nchini humo kama mkaazi wa kudumu, mwenye haki ya grini kadi.

Fadhila ya kwanza ya EB-3 ni kubeba mawazo mawili yanayopingana bila kuumwa kichwa. Wizara ya Kazi ya Marekani ina orodha iitwayo Schedule A, ambamo uuguzi umetajwa kuwa kazi yenye uhaba. Mwajiri wa mhasibu hulazimika kutafuta kwanza Mmarekani na kuthibitisha kwamba amemkosa. Mwajiri wa muuguzi amesamehewa hatua hiyo, kwa maana serikali yenyewe imekiri kwamba wauguzi hawatoshi. Ikishakiri, humwelekeza muuguzi kwenye foleni. Viza za ajira ni takriban 140,000 kwa mwaka, kwa dunia nzima na kwa kazi zote. Fungu la EB-3 ni kiasi cha 40,000, na humo muuguzi hugawana na mhandisi, mwalimu na mpishi. Jamaa wa nyumbani nao huhesabiwa, hivyo muuguzi mwenye mume na watoto watatu hula nafasi tano, ingawa atakayeshika zamu ya usiku ni mmoja. Uhaba umo sheriani, kikomo nacho kimo sheriani, na hakuna kinachomwonea haya mwenzake.

Tena kila nchi ina mpaka wake wa asilimia 7, na nchi inayohesabiwa ni ya kuzaliwa, si ya pasipoti. Raia wa Kenya aliyezaliwa Gujarat husimama katika foleni ya India, ambayo ni ndefu kuliko ya Wakenya wenzake, isipokuwa awe ameolewa na mtu aliyezaliwa kwingine. Hapo anaweza kuazima mahali pa kuzaliwa pa mumewe. Ni mojawapo ya faida za ndoa ambazo makungwi hawazitaji.

Kilele cha utaratibu huu ni jedwali la tarehe ambalo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hulitoa kila mwezi. Aliyeingia foleni kabla ya tarehe iliyoandikwa huitwa, na wa baada yake husubiri. Tarehe hiyo kwa kawaida husogea mbele, mara nyingine husimama, na maombi yakizidi viza zilizobaki, hurudi nyuma. Aliyebakiza wiki chache aitwe hujikuta amebakiza miezi, bila kosa lake wala la mwajiri wake. Kalenda nyingine zote huenda upande mmoja tu. Wahenga waliosema subira huvuta heri hawakufafanua kama heri hiyo inavutwa kuja au kwenda.

Fadhila ya pili ni elimu. Foleni humfundisha muuguzi kwamba karatasi huoza, na kila moja kwa kasi yake. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2. VisaScreen, cheti kinachotakiwa na sheria ya Marekani ya 1996 baada ya masomo, leseni na Kiingereza cha mwombaji kukaguliwa, hudumu miaka 5. Cheti cha kifua kikuu kwa viza ya Uingereza ni cha miezi 6, na hati ya udhamini ya mwajiri wa huko hutumika ndani ya miezi 3. Ustadi ni kuzikuta zote zikiwa hai siku moja. Wapo waliorudia mtihani wa Kiingereza si kwa kuwa walikisahau, bali kwa kuwa Kiingereza chao kilipitwa na tarehe.

NCLEX, mtihani wa leseni ya Marekani, una adabu zake. Tangu Aprili 2023 kompyuta huuliza maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, ikichagua linalofuata kwa kuangalia yaliyojibiwa, na huweza kujizima ikishajiridhisha, awe mtahiniwa amefaulu au ameanguka. Aliyezimiwa kwenye swali la 85 hutoka nje asijue kama ameheshimiwa au amefukuzwa.

Uchumi wa mtaani nao unaiombea foleni maisha marefu. Cheti cha tabia njema kinataka alama za vidole. Baraza la Wauguzi la Kenya linatakiwa lithibitishe leseni moja kwa moja kwa wenzao wa ng'ambo, bila kupitia mikononi mwa mwenye leseni. Katikati ya hatua hizo wanaishi wenye saiba, wapiga picha za pasipoti, makamishna wa viapo, walimu wa IELTS, na ajenti mwenye ofisi ya meza moja. Ajenti anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Asiyesajiliwa hutambulika kwa urahisi, maana ndiye anayeapa kwamba foleni haipo.

Tawi la Uingereza ni changa lakini lina upole. Viza ya wahudumu wa afya ilianzishwa Agosti 2020. Ada yake ni nafuu, na mwenye nayo husamehewa tozo ya matibabu ambayo mgeni mwingine aliye mtu mzima hulipa pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa kuwa viza yenyewe haikawii, foleni ilibidi itafutiwe mahali pengine, ikapatikana kwenye lugha. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza hutaka alama 7 za IELTS katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya. Novemba mwaka huo Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, akaeleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10. Uuguzi wenyewe hufundishwa Kenya kwa Kiingereza. Waliokileta walirudi kukikagua, na hawakuridhika.

Ziko pia orodha za rangi. Kwa kufuata Shirika la Afya Duniani, Uingereza imeziweka Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo katika orodha nyekundu: mwajiri haruhusiwi kwenda huko kusaka wauguzi. Kenya iko kwenye njano, ambako usakaji hufuata makubaliano ya serikali mbili. Muuguzi anayeomba mwenyewe kwa hiari yake hazuiwi. Mlango umefungwa kwa anayetafutwa, uko wazi kwa anayetafuta.

Ujerumani imeipandisha foleni daraja ikaifanya chuo. Kijerumani husomwa kwa kawaida hadi kiwango cha B2. Kisha vyeti hupelekwa kwa mamlaka ya mojawapo ya majimbo 16, na jibu linalorudi mara nyingi ni Defizitbescheid, hati rasmi ya kuorodhesha mapungufu ya mwombaji. Watu wengi huzeeka bila kupata orodha ya mapungufu yao ikiwa na muhuri wa serikali. Mapungufu hayo hufidiwa kwa mtihani au kwa mafunzo, na viza ya kifungu cha 16d huruhusu yafanyike Ujerumani kwenyewe. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano ya uhamaji mjini Berlin, habari zilienea kwamba Wakenya 250,000 wangechukuliwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: makubaliano hayana idadi yoyote. Foleni isiyo na idadi ina heshima hii, kwamba haiwezi kumwambia mtu imejaa.

Ghuba haina mengi ya kusifiwa. Vyeti huhakikiwa na DataFlow, mtihani wa Prometric hufanywa, afya hupimwa, na muuguzi anaweza kufika Riyadh au Doha kabla mwenzake wa Marekani hajaisogelea tarehe yake. Kungoja huko kumehamishiwa ndani ya mkataba, kwa kuwa chini ya kafala, yaani mfumo wa udhamini, ukaazi hufungwa kwa mwajiri.

Matendo makuu ya foleni, hata hivyo, yako nyumbani. Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, hakuna hotuba ya Siku ya Wauguzi iliyomzuia muuguzi mzoefu asiondoke kwa uhakika kama jedwali la Washington. Mgomo wa 2017 ulidumu miezi mitano na ukaisha kwa ahadi. Foleni haiahidi kitu, na waliomo hawaihami. Anayengoja hubaki wodini, huwaelekeza wanafunzi, na kwa kuwa atahitaji barua safi ya mwajiri, hachelewi kazini. Gharama ya kumbakiza huilipa mwenyewe, tena kwa dola. Wizara gani imewahi kubuni mpango wa kuwabakiza watumishi ambao wafadhili wake ni watumishi wenyewe?

Ipo kasoro moja, na haki inataka itajwe. Baadhi ya wanaobakizwa hawako wodini. Kenya ina wauguzi wenye leseni ambao kaunti hazijawaajiri, na hao foleni huwabakiza nyumbani kwa maana ya sebuleni. Wodi isiyo na muuguzi na muuguzi asiye na wodi huishi mtaa mmoja, na foleni, ambayo haikuwatenganisha, ndiyo inayolaumiwa.

Fadhila ya mwisho ni kwamba haimwachi mtu akishapanda ndege. Aliyetua Uingereza hungojewa na OSCE, mtihani wa vitendo wenye vituo 10, ambamo mkunga aliyezalisha mamia huonyesha mbele ya msahihishaji jinsi ya kuchoma sindano. Makazi ya kudumu yamekuwa yakiombwa baada ya miaka 5, na waraka wa serikali wa Mei 2025 ukapendekeza kipindi cha kawaida kiwe miaka 10. Marekani, uraia huombwa baada ya miaka 5. Muuguzi akiupata, anaruhusiwa kumwombea dada yake aliyebaki Kenya viza ya F-4, ya ndugu wa raia. Tarehe za F-4 zimo katika jedwali lile lile la kila mwezi, na hata kwa nchi zenye nafuu ziko nyuma kwa zaidi ya miaka 15.