Tovuti Yetu Inaonekana Vizuri Ofisini

(Steshenari moja katika kata ya Tumati, wilayani Mbulu, siku ya mnada. Juu ya kaunta amekaa Mzee Kompyuta, wa mezani, na printa yake pembeni. Kwenye waya wa kuchajia amelala Simu wa Kupangusa, kioo kimepasuka pembe mbili. Karibu naye yupo Bibi Kitochi, ambaye chaji yake haijaisha tangu juzi. Amekuja kwa ajili ya maongezi tu. Nje ya dirisha amefungwa Punda, aliyebeba magunia mawili ya vitunguu saumu. Wenye mali wote wako mnadani.)

PUNDA: Shikamoo, mzee. Tangu asubuhi naona vijana wanaingia humo na simu mkononi, wanatoka na karatasi mkononi na nyuso zimekunjamana. Mnawafanya nini?

KOMPYUTA: Marahaba. Tunawahudumia. Huduma siku hizi ziko mtandaoni, Punda. Mkopo wa chuo mtandaoni, maombi ya ajira mtandaoni, cheti cha kuzaliwa mtandaoni, jina la biashara mtandaoni. Na hapa Tumati, mtandao ndiyo mimi. Mwananchi anasogeza kiti, kijana wa steshenari anamjazia fomu, printa inalia, pesa inaingia kwenye droo. Maendeleo hayo.

SIMU: Samahani, mzee wangu, lakini huo ni udalali. Yule binti aliyetoka sasa hivi alikuja na simu yenye bando na mtandao unasoma. Kama kufika mtandaoni ni kazi, alikwishafika akiwa kitandani kwao. Fomu ndiyo iliyomfukuza. Ukurasa ulifunguka umejibana, maandishi hayasomeki. Akautanua kwa vidole, kitufe cha kuendelea kikatoka nje ya kioo. Akakitafuta kulia, akapoteza swali lililokuwa kushoto. Alipokipata, kikaja na mahali pa namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe mfupi. Akafungua ujumbe kuisoma namba, aliporudi ukurasa ukawa umeanza upya na kila alichojaza kimefutika, kwa sababu simu za bei yetu zina kumbukumbu ndogo na haziwezi kushika mambo mawili mazito kwa pamoja. Ndipo akapanda bodaboda kuja kwako. Sasa niambie, foleni iliyokuwa wilayani imekwisha, au imehamia kwenye kaunta hii ikiwa na nauli yake, ada ya kujaziwa na ada ya kuchapisha?

KOMPYUTA: Hiyo ni bahati mbaya ya binti mmoja.

SIMU: Mmoja? Mwishoni mwa 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilihesabu laini za simu zaidi ya milioni 70, wakati sensa ya 2022 ilikuta watu 61,741,120. Laini zimewazidi watu, maana kila mtu ana mbili au tatu za kukimbizana na vifurushi. Waliojiunga na intaneti walipita milioni 35, na karibu wote wanaingia kwa simu. Kwa hiyo mtu anayetengeneza tovuti ya kuhudumia Watanzania, kisha akaipanga kwa ajili ya kioo chako kipana, ameamua kuwahudumia wachache na wengine wote wamfuate kwa miguu. Tena usiniambie teknolojia haijafika. Simu ya kwanza ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 tovuti zote zilikuwa zimeshonwa kwa kipimo chako, basi kivinjari chake kikajifanya kina upana wa piseli 980, kikaupakia ukurasa mzima na kuubana uingie. Hapohapo ukaja mstari mmoja mfupi wa msimbo wa kuiambia simu itumie upana wake halisi. Kwetu ni kama piseli 360. Mstari mmoja! Mpaka leo kuna watu wanalipwa kutengeneza tovuti, na huo mstari hawauweki.

PUNDA: Na wakiuweka, mambo yanakuwa sawa?

SIMU: Yanaanza kuwa sawa. Mwezi Mei 2010 Mmarekani mmoja, Ethan Marcotte, aliandika makala akaunganisha mambo matatu ambayo tayari yalikuwepo: vipimo vya ukurasa viwe vya asilimia badala ya piseli za kudumu, picha zisizidi upana wa sehemu zilipowekwa, na ukurasa uulize kioo kina upana gani kabla ya kupanga safu zake. Kioo kikipungua, safu tatu zinakuwa moja, menyu inashuka, maandishi yanabaki ya kusomeka. Ukurasa mmoja kwa vifaa vyote. Mwaka 2012 hayo maswali ya upana yakapitishwa rasmi na W3C, wanaosimamia viwango vya mtandao. Mwaka 2015 Google wakaanza kuzipa nafasi ya juu, kwa anayetafuta kwa simu, kurasa zinazofaa kwenye simu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao Marcotte aliandika makala yake sasa yuko sekondari, na atakapomaliza ataletwa hapa kujaziwa fomu.

BIBI KITOCHI: Mjukuu wangu, unasema vizuri, ila umesahau uzito. Mimi miaka ile nilikuwa naingia mtandaoni kwa Opera Mini. Kurasa zilikuwa zinakamuliwa huko mbali, zinaniletea maneno na picha moja ya ukungu. Siku hizi hata kukamulika hazikamuliki.

SIMU: Asante, bibi. Ukurasa wa kawaida unaotumwa kwenye simu duniani sasa unapita MB 2, na nyingi ya hizo ni picha na programu ndogondogo ambazo msomaji hakuziomba. Hapa kwetu nenda kwenye ukurasa wa mwanzo wa taasisi yoyote unayoitaka. Utakutana na picha tano zinazopishana: mgeni rasmi anakata utepe, mgeni rasmi anapanda mti, mgeni rasmi ameketi meza kuu, mgeni rasmi anasaini kitabu, mgeni rasmi anaondoka.

PUNDA: Hiyo MB moja ni debe ngapi?

SIMU: Haipimwi kwa debe.

PUNDA: Kila mzigo una debe zake. Tufanye MB moja debe moja. Mgeni rasmi akikata utepe, debe ngapi?

SIMU: Ikitoka kwenye kamera moja kwa moja bila kupunguzwa, nne.

PUNDA: Na utepe?

SIMU: Utepe umo humohumo.

PUNDA: Mkasi je? Na sahani ya kubebea mkasi? Na yule dada aliyeshika sahani? Maana mimi nikipakiwa, mwenye mzigo husema "ni kitunguu tu", kisha anaongeza jembe, anaongeza mtoto, anaongeza redio. Mgeni rasmi akipanda mti, mti nao ni debe?

KOMPYUTA: Punda, inatosha.

PUNDA: Haijatosha, mzee. Picha tano kwa debe nne ni debe ishirini, na aliyetumwa kule alikwenda kuulizia bei ya mbolea.

KOMPYUTA: Sasa nisikilizeni na mimi. Mnalaumu tovuti wakati tatizo ni mtandao. Leteni mnara, hata hizo debe ishirini zitapita.

SIMU: Minara inakuja. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Lakini mnara mmoja hugawanywa na wote walio chini yake, na siku ya mnada kama leo kata nzima iko chini yake. Hoja yako, mzee, ina miguu juu: mtandao ukiwa dhaifu ndiyo sababu ya kupunguza ukurasa, maana kuupunguza ni kazi ya mchana mmoja na haihitaji saruji. Ushahidi tunao nyumbani. Matokeo ya mitihani ya NECTA nchi nzima huyasubiri, na yakitoka ni jedwali tupu: namba ya mtahiniwa, jinsia, daraja, masomo. Hayana urembo, na safu ndefu zinakulazimu kusogeza pembeni kidogo, lakini yanafunguka. Bibi naye ana *152*00#, menyu ya huduma za Serikali, inayojibiwa kwa kubonyeza namba na haihitaji hata intaneti. Kwa hiyo uwezo wa kutengeneza kitu chepesi upo nchini, tena ndani ya Serikali yenyewe.

KOMPYUTA: Basi watengeneze programu ya simu. Ya kupakua. Mambo ya kisasa.

SIMU: Kila taasisi na programu yake? Tumbo langu lina nafasi ya picha za harusi, video za kwaya na WhatsApp. Hapo penyewe kila wiki naombwa nifute kitu. Nipakue programu kubwa ili niombe cheti mara moja katika maisha? Programu inafaa kwa unachokifanya kila siku, kama kutuma pesa. Kwa unachokifanya mara moja kwa mwaka, ukurasa mzuri unatosha. Na anayeshindwa kupanga maswali kumi yafuatane wima ndani ya ukurasa hatayapanga vizuri kwenye programu.

BIBI KITOCHI: Wape na lile la tangazo.

SIMU: Lile ndilo linaloniumiza kuliko yote. Tangazo linaandikwa kwenye kompyuta, linachapishwa, linapigwa muhuri, linaskaniwa likiwa limeinama upande, kisha linapandishwa likiwa PDF. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210; kioo changu kina kama 70. Ikiingia yote, herufi ya ukubwa wa 12 inasomeka kama ya 4. Na kwa kuwa ni picha ya karatasi, huwezi kutafuta jina lako ndani yake, na asiyeona hawezi kusomewa na simu. Maneno yalikuwepo kwenye kompyuta, safi kabisa, wakayaua ili wapate muhuri! Wanasema muhuri unathibitisha. Sawa, uthibitishe, weka maneno kwenye ukurasa, na PDF yenye muhuri uiambatishe chini kwa anayeihitaji. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Siku kama hiyo ndugu aliye mbali anataka majina, namba ya kupiga, mahali pa kwenda. Nani atatafuta kompyuta ya mezani? Hata siku ambayo hakuna maafa, tangazo la umma linapaswa kuandikwa kana kwamba msomaji wake ana haraka, amesimama juani, na anatumia mkono mmoja.

PUNDA: Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana punda tusichinjwe kwa ajili ya ngozi. Kumbe habari ya uhai wangu iko kwenye karatasi iliyoinama.

KOMPYUTA: Nakubali, nakubali. Lakini fikirini vijana. Steshenari hizi zimewaajiri. Tovuti zote zikifanya kazi kwenye simu, kijana wangu atakula nini?

SIMU: Atachapisha, atatoa kopi, atapiga picha za pasipoti, atamsaidia mzee asiyejua kusoma. Huyo wa mwisho atakuwepo daima na anastahili msaada. Ninachokipinga ni kumgeuza anayejua kusoma kuwa asiyejua, kisha kumtoza kwa ujinga aliotengenezewa. Halafu tazama hilo kaunta buku chini ya printa. Mna barua pepe za watu na paswedi zao, kwa majina, kwa miaka, kwa kalamu. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hapa siri za nusu ya kata zimelazwa chini ya kikombe cha chai. Sikulaumu wewe wala kijana wako. Binti hakuwa na njia nyingine. Fomu ndiyo iliyomlazimisha kumpa mgeni ufunguo wa barua zake.

KOMPYUTA: Kwa nini basi watengenezaji hawayaoni hayo? Ni wasomi.

SIMU: Kwa sababu tovuti hukaguliwa ukutani! Mtengenezaji anafanyia kazi kwenye kioo kikubwa, anakuja kwenye kikao, projekta inawashwa, mkurugenzi anaitazama kwenye ukuta wa ukumbi, anasema rangi ya nembo iongezwe, makofi, malipo. Hakuna aliyetoa simu mfukoni. Aibu kwao! Mtu anakula posho ya kikao cha kuzindua huduma ya mwananchi, na ndani ya kikao chote hakumfikiria mwananchi akiwa na kidole gumba kilichokomazwa na jembe, kinagusa kitufe ambacho hata ukucha hauingii. Viwango vipya vya W3C, vya Oktoba 2023, vinataka kitufe kisipungue piseli 24 kwa 24, na Android wanashauri mara mbili ya hapo, kama milimita tisa. Nyie mnaweka maneno "bofya hapa" manne yamebanana mstari mmoja, halafu mnasema wananchi hawana uelewa! Mnadai kiambatisho kiwe PDF isiyozidi MB 2 wakati kamera ya simu inatoa picha ya MB 4, na hamkuweka pa kuipunguzia. Mnaandika fomu kwa Kiingereza kwa ajili ya mkulima wa Tumati. Mnajua mnachokifanya? Hamjui, kwa sababu hamjawahi kuijaza.

BIBI KITOCHI: Polepole, mjukuu, chaji itaisha.

SIMU: Dawa yake haihitaji semina, bibi. Kiwekwe kipengele kimoja kwenye mkataba: malipo ya mwisho hayatoki mpaka mtu asiye mtumishi wa taasisi, akiwa na simu ya bei ya chini kabisa dukani na mtandao wa 3G, akiwa kijijini, amejaza fomu kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuelekezwa. Mkurugenzi awepo, asimame nyuma yake, akae kimya. Akishindwa huyo mtu, mtengenezaji arudi kazini kwa gharama zake.

KOMPYUTA: Kipengele kizuri. Kiandike, tukipeleke kama maoni ya wananchi. Kuna fomu ya maoni kwenye tovuti yao.

SIMU: Nimeifungua jana. Kitufe cha kutuma kiko nje ya kioo.

KOMPYUTA: Basi sogea huku nikutumie mimi. Elfu moja, na ukitaka nakala ya kuchapisha ni mia tano kwa kila ukurasa.