Kinanda Kisichochoka Kuonewa

Uchaguzi wa kinanda cha santuri kwa ajili ya kazi ya DJ hautofautiani kidogo tu na uchaguzi wa vyombo vingine vya nyumbani, bali huenda kinyume chake kabisa, kwa kuwa mnunuzi wa jokofu, pasi au cherehani hutafuta kifaa kitakachofanya kazi vizuri kikitumiwa kama mtengenezaji alivyoelekeza, ilhali DJ hutafuta kifaa kitakachofanya kazi vizuri kikitumiwa kwa namna ambayo mtengenezaji, lau angaliiona, angalilia. Kinanda cha santuri, kwa maana itakayotumika hapa, ni mashine yenye sinia la duara linalozungushwa na mota, ambalo juu yake huwekwa sahani ya santuri, na kando yake upo mkono mwembamba wenye sindano inayopita katika mfuo wa sahani hiyo na kuugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, kisha sauti. Jina lenyewe limekwisha kuwaponza wengi, maana neno "santuri" humaanisha sahani na pia mashine inayoichezesha, na neno "kinanda" ni mali ya kwaya kabla ya kuwa mali ya disko. Kwa hiyo kijana anayeingia dukani kuulizia kinanda kizuri cha kazi asishangae akiletewa chombo chenye vibonyezo sitini na kimoja, pamoja na pole za muuzaji kwamba kile kikubwa kimechukuliwa na parokia.

Uonevu ambao kinanda cha DJ hutarajiwa kuustahimili ni wa namna mbili. Wa kwanza ni kuchanganya, yaani kuuunganisha wimbo unaokwisha na ule unaoanza bila mchezaji kuhisi mpaka, kazi inayohitaji vinanda viwili na, katikati yao, mikisa, ambayo ni kisanduku chenye vitelezi vya kupandisha sauti ya upande mmoja na kushusha ya mwingine. Wa pili ni kukwaruza, yaani kuishika sahani kwa vidole na kuisukuma mbele na nyuma chini ya sindano ili itoe sauti inayofanana na ya mwenye duka anayechana jora la amerikani, isipokuwa kwamba hii hufuata mdundo. Wa kwanza hudai usahihi, wa pili hudai ubavu, na kinanda chenye sifa moja bila ya nyingine ni sawa na punda mwenye adabu asiyebeba mzigo.

Msingi wa kihistoria wa kukwaruza, jambo lisilotajwa na wauzaji, ni mkasa wa nyumbani. Katika mtaa wa Bronx, jijini New York, ambako tarehe 11 Agosti 1973 DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa amepiga muziki katika sherehe ya dada yake kwenye jengo la 1520 Sedgwick Avenue na kuonyesha kwamba kipande kifupi cha ngoma tupu kingeweza kurefushwa kwa kutumia nakala mbili za sahani moja, kijana Theodore Livingston, ambaye baadaye alijulikana kama Grand Wizzard Theodore, alikuwa chumbani mwake katikati ya miaka ya 1970 akipiga muziki kwa sauti iliyompita mama yake kimo. Mama alifika mlangoni kumkaripia, naye kijana, kwa adabu iliyochanganyika na ubishi, hakuizima mashine bali aliishika sahani kwa mkono huku akisikiliza karipio, na mkono ule ukawa unakwenda mbele na nyuma kama mikono ya vijana wanaokaripiwa inavyofanya popote duniani. Mama alipoondoka, fani ilikuwa imezaliwa. Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados aliyekulia mtaa uleule, naye alikabiliwa na tatizo kwamba sahani inang'ang'ania sinia kiasi kwamba mkono ukiishika ile, hili nalo husimama. Alilitatua kwa kukata duara la kitambaa cha felti, kukitia wanga wa kupigia pasi na kukinyoosha hadi kikakauka kama chapati ya jana, kisha kukitandika chini ya sahani ili sahani isimame huku sinia likiendelea na safari yake. Kitambaa hicho, kinachoitwa slipmati, ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote katika fani hii na ndicho kinachosahauliwa na kila mnunuzi. Mwanafunzi makini atatambua kwamba mchango wa karipio la mama na wanga wa kufulia katika sanaa hii ni mkubwa kuliko wa taa za rangi, ingawa bajeti za vijana wengi huonyesha kinyume.

Mashine iliyokuja kutawala fani hiyo haikukusudiwa kwa ajili yake. Kampuni ya Matsushita ya Japani, kwa chapa yake ya Technics, iliitoa SL-1200 mwaka 1972 kwa ajili ya mabwana watulivu waliopenda kusikiliza muziki sebuleni, na mwaka 1979 ikatoa toleo la MK2 lililoongezewa kitelezi cha kubadili kasi kwa asilimia 8 kwenda juu au chini, maana yake wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika unaweza kuvutwa hadi 92 au kusukumwa hadi 108 ili ulingane na mwenzake. Siri yake ilikuwa mwendo wa moja kwa moja, yaani mota kukaa chini kabisa ya sinia na kulizungusha bila kiungo cha kati, ikilindwa na jiwe la kwatsi la aina ileile inayozitunzia saa za mkononi uaminifu wake. Sinia hilo hufikia kasi kamili kwa sekunde 0.7, na nguvu yake ya kuanzia, ambayo wahandisi huipima kwa kilo-sentimita na kuiona kuwa 1.5, hutosha kukishinda kidole chenye nia mbaya. Utengenezaji ulisimamishwa mwaka 2010, mashine ikarudi mwaka 2016 kwa bei iliyowafanya wengi watamani ingebaki ilikokuwa, na katika kipindi hicho makampuni mengine yalikwisha kutoa mashine zinazofanana nayo kama mapacha wa baba mmoja, nyingine zikiwa na mota yenye nguvu zaidi.

Kinyume cha mwendo wa moja kwa moja ni mwendo wa mkanda, ambapo mota hukaa pembeni na kulivuta sinia kwa ukanda wa mpira. Wapenzi wa usikilizaji mtulivu huusifu mpira huo, na kwa haki, kwa sababu humeza mtetemo wa mota usiifikie sindano. Lakini mpira uleule, DJ akiishika sahani na kuiachia, hufikiri kwanza. Hunyooka, huteleza, hushauriana na sinia, kisha huanza mwendo kama mzee anayeinuka mkekani, na wakati huo wimbo wa upande wa pili umekwisha kufika kiitikio. Kukwaruza juu ya mashine ya namna hii kwa miezi michache huufanya mkanda kuwa mrefu kuliko alivyonuia mtengenezaji, na hapo muziki wote huchukua lafudhi ya mtu aliyeamshwa usingizini. Basi kipimo cha dukani kingepaswa kuwa rahisi: sinia lizunguke, sahani iwekwe juu ya slipmati, kidole kiishike, na jicho liangalie kama sinia linapunguza mwendo. Wauzaji hawakipendi kipimo hiki, na wapo wanaomwona mteja wa aina hiyo kama wauza matikiti wanavyomwona anayeyagongagonga yote na kuondoka na ndimu. Yeye ndiye mteja pekee anayejua anachokinunua.

Sura ya umeme ina machozi zaidi. Kwa kuwa mashine nyingi zilizotumika huja Afrika Mashariki kutoka ughaibuni, mnunuzi hukutana na ukweli kwamba Japani hutumia volti 100 na Marekani 120, ilhali soketi za Dar es Salaam na Nairobi hutoa 230 au 240, na kwamba mashine isiyo na swichi ya kubadilisha volti haijui kuomba radhi kabla ya kutoa moshi. Fundi wa redio, akiisha kuitikia shikamoo na kuinusa mashine, kwani uchunguzi wa aina hii huanza puani, husema neno moja tu, "imekwenda", akimaanisha kwamba haitakwenda tena. Aliyekumbuka kununua transfoma naye hayuko salama, kwa sababu transfoma hubadilisha volti bila kugusa masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo Marekani ni 60 na huku kwetu ni 50. Vinanda vya zamani ambavyo mota zake hufuata masafa ya umeme huzunguka hapa kwa kasi ya tano kati ya sita, kiasi kwamba sahani iliyokusudiwa mizunguko 33⅓ kwa dakika hupata 27.8. Mwimbaji wa kike hushuka nusu-toni tatu na kuwa mtu wa makamo mwenye mafua. Mashine za kwatsi zimeepukana na aibu hii, nayo ni sababu nyingine ya kuzipenda ambayo vitabu vya Wamarekani haviitaji, kwa kuwa haijawahi kuwafika.

Lipo pia suala la urithi. Mnunuzi wa pwani, akiisha kupata kinanda chake kipya, hupatwa na uzalendo wa ghafla na kuliendea sanduku la bibi, ambamo huenda zimo sahani za enzi ya Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Sahani hizo zilikusudiwa mizunguko 78 kwa dakika, kasi ambayo SL-1200MK2 haina, maana inazo 33⅓ na 45 tu. Zikipigwa kwa 45 sauti hushuka karibu nusu-toni kumi, na taarabu hugeuka kilio cha jahazi linalozama. Mfuo wake pia ni mpana kuliko wa sahani za plastiki, hivyo sindano ya kisasa huserereka humo kama mtoto katika viatu vya baba, na mata yake ni shelaki, utomvu mgumu utokanao na wadudu, ambayo haipindi bali hupasuka. Kwa hiyo kukwaruza sahani ya namna hii si sanaa bali ni kesi ya mirathi.

Sindano yenyewe, ambayo wanunuzi huiacha mwisho wakati fedha imebaki ya nauli, ndiyo inayoamua kama jitihada zote zilizotangulia zitasikika. Kwa usikilizaji hupendelewa sindano yenye ncha ya duaradufu, iliyochongwa nyembamba ili iingie katika kila pembe ya mfuo, lakini kwa kukwaruza ncha ya mviringo hufaa zaidi, kwa sababu huvumilia kurudishwa nyuma bila kuruka. Uzito wa kuikandamiza hurekebishwa kwa mzani ulio nyuma ya mkono, nao katika kukwaruza huwa gramu 3 hivi au zaidi kidogo. Asiye na subira ya kusoma gramu hubandika sarafu juu ya kichwa cha sindano, na kweli sindano haitaruka tena, itachimba. Wapo pia waliozoea kukigeuza kinanda robo duara ili mkono wa sindano uwe mbali na mikono ya binadamu, mtindo uliokubalika katika mashindano, ingawa kwa mtazamaji asiyejua huonekana kama meza imewekwa kombo na huenda shangazi akaja kuinyoosha katikati ya onyesho.

Mvumo mzito usiokwisha, unaosikika hata sahani ikiwa imesimama, kwa kawaida hutokana na waya mmoja mwembamba wa ethi ambao haukufungwa kwenye mikisa. Vijana wamebadilisha spika, wamebadilisha nyaya, wengine wamebadilisha chumba, kabla ya kuuona waya huo ukining'inia nyuma ya meza. Ngurumo inayozidi kadiri sauti inavyopandishwa ni jambo jingine: hiyo ni spika kukitikisa kinanda kilichowekwa juu yake, sindano kuusikia mtikisiko huo na kuurudisha kwenye spika, mazungumzo ambayo hukatizwa kwa kukihamishia kinanda juu ya meza nzito yenye kipande cha zege. Uzito una faida yake. MK2 ina kilo kumi na mbili na ushei, na aliyeipandisha ghorofa ya nne huitunza kuliko aliyepelekewa.

Kuhusu sahani maalumu zenye alama za kidijitali, ambazo tangu miaka ya mwanzo ya 2000 huiwezesha kompyuta kujua sindano iko wapi na kupiga faili yoyote kana kwamba imechongwa humo, itoshe kusema kwamba hazikumwondolea mtu haja ya mota yenye nguvu wala ya waya wa ethi.

Baada ya yote hayo hubaki hesabu ndogo inayofanywa kwa kuchelewa, nayo ni kwamba bei iliyojadiliwa kwa wiki tatu ilikuwa ya kinanda kimoja. Mchanganyaji anahitaji viwili, tena vinavyofanana, na kwa kuwa akiba imekwisha, cha pili hutoka kwa mjomba na huwa cha mkanda. DJ wa namna hii hutambulikana kwa urahisi kwenye sherehe za harusi: mkono wake wa kulia uko kwenye mikisa, kidole cha kushoto kinaisukuma lebo ya sahani tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho ili mkanda usibaki nyuma, na soda aliyowekewa na kamati inapata joto taratibu mbele yake, chupa ikiwa imekwisha kufunguliwa.