Kufuli la Buku Tatu

Spika ya mnadani haina aibu. Imefungwa juu ya toroli, sauti imerekodiwa zamani, na tangu asubuhi inarudia maneno yaleyale: kila kitu buku, buku, buku, chagua mwenyewe, mama usiogope kushika. Ukiulizia taa ya baiskeli, unaambiwa hiyo ni buku tatu. Kila kitu ni buku isipokuwa ulichokifuata.

Binamu yangu aliyeko Ujerumani ananihakikishia kwamba huko nako mambo ni hayohayo, ila kuna paa. Unaingia Aldi au Lidl kutafuta maziwa, unatoka na glavu za baiskeli na kofia ngumu, kwa kuwa wiki hiyo ndizo zilizoletwa na wiki ijayo hazitakuwepo. Maziwa umeyasahau. Sisi Bariadi tunasahau dagaa.

Mkoani Simiyu baiskeli si mazoezi. Inabeba gunia la pamba kwenda AMCOS, madumu ya maji, kuku, mgonjwa, na shemeji aliyekuja bila taarifa. Mkoa wenyewe umezaliwa 2012, ulipomegwa kutoka Shinyanga, lakini baiskeli zilitangulia kitambo. Mzee mmoja mtaani kwetu Somanda bado anaendesha Swala, ile iliyokuwa ikitengenezwa Dar es Salaam. Ukimuuliza amebadilisha nini tangu ainunue, anajibu kwamba amebadilisha meno.

Mimi nina Phoenix, na nina ugonjwa wa kuipamba.

Kengele ndiyo iliyoanza. Kwenye lami ya kwenda Lamadi ilikaa kimya hata nilipoibonyeza mpaka kidole gumba kikauma. Nikikata njia ya vumbi yenye makorongo, ilianza kulia yenyewe bila kukoma. Ng'ombe wa Nyakabindi waligeuka kunitazama, na watoto wakanikimbilia na sarafu zao mkononi wakidhani nauza barafu. Niliwaonea huruma. Mmoja aliniita mchoyo.

Madigadi ya plastiki sitayasema sana. Udongo mweusi wa mbugani ukishanywa mvua hugeuka ugali, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, ndiyo maana wengi huyang'oa masika yanapoingia, hata yale ya chuma. Yangu hayakunipa kazi hiyo. Yaling'oka yenyewe.

Kisha pampu. Anayeijua mbigili anajua kwamba hata iangukeje, kuna mwiba utakaotazama juu kumsubiri mtu. Nilikuwa na tairi lililolegea, nikatoa pampu yangu ya mfukoni, nikapampu kwa bidii ya mwenye imani. Tairi likalala kabisa. Ile pampu ilikuwa inanyonya. Nikaikokota baiskeli hadi kwa fundi, chini ya mwarobaini, penye beseni la maji, msasa na kopo la solusheni.

"Shikamoo, mwalimu. Leo umetuletea nini tena?"

Fundi huyu ana dharau ya upole kwa kila kitu kinachouzwa kikiwa ndani ya plastiki. Spana zangu za mnadani alizipindisha kwa vidole, akanirudishia bila neno. Yeye hukata tyubu kuukuu vipande virefu, na kwa mipira hiyo ameifunga taa yangu isiyokaa, ameifunga kengele isinyamaze wala isipige kelele, amefunga na keria. Hakuna hata fundo moja lililowahi kulegea. Mipira hiyo hutoa bure, anadai ya pancha tu.

Hayo yote ningeyavumilia, lakini nilinunua kufuli la namba. Nililifunga mnadani asubuhi, nikaenda kununua dagaa (safari hii nilikumbuka), niliporudi likakataa kufunguka. Nikaazima msumeno wa chuma. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kukata, kivuli kikanifunika. Sungusungu. Hawa walianza huku kwetu na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na hawana desturi ya kucheka wakiwa kazini.

"Mwangaluka, baba," nikasalimia.

"Mwangaluka. Baiskeli ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Na msumeno?"

"Wa kuazima."

Akatafakari. "Kama ni yako, weka namba."

Nikaweka mwaka niliozaliwa, polepole, umati ukihesabu nami. Kufuli likagoma.

"Labda hukuzaliwa mwaka huo," mzee akasema.

Kijana mmoja aliyekuwa akitafuna muwa akasogea, akalivuta kwa mkono mmoja. Likafunguka. Watu wakapiga makofi, nami nikaona mambo yameharibika zaidi, maana kama linafunguka kwa yeyote, namba yangu ilikuwa ushahidi wa nini? Risiti sikuwa nayo. Muuza kufuli alikuwa ameongeza sauti ya spika na kutazama upande wa pili.

Aliyeniokoa ni fundi, aliyeitwa kutoka mwarobaini mikono ikinuka solusheni. Aliizunguka baiskeli, akagusa mpira wa taa, wa kengele, wa keria.

"Ni ya mwalimu. Mafundo haya yote nimefunga mimi," akasema. "Na pancha ya juzi namdai."

Mzee hakuuachia usukani. "Basi mlipe."