Herufi Saba na Maji ya Lubigi

Sheria ya uhamiaji ya Uganda, kwa hisani na hekima yake, imewapanga wageni watafutao riziki kwa herufi, tangu A hadi G, ikamkumbuka mkulima mwenye mtaji, mchimba madini, tajiri wa kiwanda na mtaalamu mwenye shahada; ila fundi cherehani kutoka Kisumu, aliyeajiriwa kibandani Bwaise, jijini Kampala, kwa ujira wa kutwa, angali akijitafuta katika alfabeti hiyo kama mtu aliyepoteza sindano gizani. Ataambiwa, bila shaka, kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imemfungulia mlango tangu tarehe 1 Julai 1970—astaghfirullahi, kalamu imeteleza, 2010; kwani 1970, miaka miwili kabla ya Amin kuwapa Wahindi siku 90, ndio mwaka ambao serikali ya Obote iliwaondoa makazini maelfu ya Wakenya. Wakati huohuo mvua ikinyesha, maji ya mfereji wa Lubigi huingia hapohapo Bwaise nyumba hadi nyumba, yakalala kitandani na kuhamisha masufuria, wala sijapata kumwona afisa aliyeyauliza kibali, au walau daraja lake.