Wawili Tu, na Jogoo

Watu wa mjini siku hizi tumeshikwa na ugonjwa wa kwenda kukaa "wawili tu". Zamani mke na mume walifuatana kwenda msibani, harusini au kliniki. Sasa mnatakiwa mwondoke nyumbani bila sababu, watoto muwaachie shangazi yao, mwende mahali penye mandhari mkatazamane. Baba Neema alichagua Lushoto. Alijaza zilipendwa kwenye flashi, akaosha gari mpaka chini ya mazulia, akatangaza kwamba tukishapita Kimara simu yake inazimwa.

Mtu wa tatu tulimpata hata Segera hatujafika: askari wa usalama barabarani, kijana mpole, tochi mkononi, kivulini mwa mwembe. Kibao kilisema 50 na tochi ilisema 63. Alituandikia faini yetu ya shilingi 30,000 kwa adabu nyingi kiasi kwamba Baba Neema alijikuta anamshukuru.

Mombo ndipo unapoiacha barabara kuu ya Moshi na kukata kulia kuuelekea mlima. Tulisimama kununua maji. Dirisha likagongwa.

"Wanangu, mnapanda?"

"Shikamoo bibi. Tunapanda."

"Marahaba." Na mlango wa nyuma ulikuwa umeshafunguliwa. Akaingia yeye, kiroba cha dagaa, dumu la mafuta ya taa, na kikapu kilichotoa kichwa cha jogoo.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33. Wajerumani, walioiita Lushoto Wilhelmstal, walikuwa wakipanda huko kulikimbia joto la tambarare. Njia ni nyembamba, mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono mwingine korongo, na kila kona inaficha basi. Bibi aliijua kona kwa kona. "Piga honi, baba. Hapa weka gia ya pili. Ya pili, si ya tatu! Ngoja basi lipite, dereva wake mtoto wa dada yangu." Baba Neema, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kukubali nimwelekeze hata njia ya kwenda kwa mama yangu, alikuwa akiitika "ndiyo bibi" kama mwanafunzi wa udereva. Zilipendwa zilizimwa, maana jogoo alikuwa akizijibu.

Tulipofika karibu na Soni, bibi akauliza alichokuwa akikizunguka muda mrefu.

"Mmefiwa na nani huku?"

"Hatujafiwa, bibi. Tumekuja matembezi tu."

Kimya. Nilimwona kwenye kioo akitutazama kwa huruma, mmoja baada ya mwingine.

"Matembezi," akasema taratibu. "Na watoto wako wapi?"

Nikamweleza. Ile huruma ikazidi. Kwenye maporomoko ya Soni alijitolea kutupiga picha, na picha hiyo ninayo: maji yametoka vizuri, jogoo ametoka vizuri, sisi tumetoka magotini kwenda chini.

Nisimlaumu. Wasambaa historia yao yenyewe inaanza na mgeni mpita njia. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu. Akawaulia nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, nao wakamsimika mtawala huko Vuga. Yamo katika *Habari za Wakilindi*. Watu waliompa mwindaji nchi nzima hawawezi kuwaacha wahasibu wawili wa Dar wapite bila kuulizwa habari zao.

Gesti tuliyokuwa tumeichagua bibi aliikataa kwa kichwa. Akatupeleka anayoijua yeye. Dada wa mapokezi alitutazama, akafungua kitabu cha wageni, akauliza swali la kazi yake: "Mnalala au mnapumzika?"

Baba Neema alikuwa bado anatafakari tofauti yake, bibi akamlipukia yule dada. "Wanapumzika nini! Watu wazima hawa, ndoa yao ya kanisani, wana watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita!" Halafu akawa anamsomea, naye anaandika: jina, kabila, kazi, tutokako, tuendako. Alikwama mahali pamoja tu, akatugeukia kuthibitisha. "Nimwambie matembezi?"

Machweo ya Irente tuliyaona, na ni mazuri kama wanavyosema: unasimama ukingoni mwa jabali, Mazinde iko chini kabisa miguuni pako, na tambarare inakwenda mpaka macho yachoke. Tuliyaona pamoja na kundi la watoto, mmoja wao akiwa na kinyonga kwenye kijiti, ambaye ilibidi naye tumsalimie.

Usiku wa Julai kule si wa kanga mbili. Kitanda kilikuwa futi nne kwa sita, jambo ambalo kwa baridi ile nalihesabu kuwa huduma. Maji ya moto yaliletwa kwa ndoo, na malapa yote mawili yalikuwa ya mguu wa kushoto. Ukuta ulikuwa wa mbao. Upande wa pili alilala mfanyabiashara wa mboga aliyepiga simu Ilala mpaka saa sita za usiku. "Magunia kumi na mawili, kila moja elfu arobaini na tano. Basi nitumie laki nne na arobaini." Nilimhisi Baba Neema akikakamaa kando yangu. Alivumilia kidogo. Kisha akaugeukia ukuta:

"Ndugu, laki tano na arobaini."

Simu ikanyamaza. Tukasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Asante, jirani."

Asubuhi bibi alikuwa mlangoni na ndoo ya matunda damu, zawadi ya watoto, na abiria watatu wa kushuka Mombo. Jogoo hakuwepo, sikuuliza.

Lushoto nendeni, hamtajuta. Bebeni sweta hata kama Dar jua linawaka, na kila kona pigeni honi. Lakini mnaotaka kukaa wawili tu, wapelekeni watoto Lushoto, nyinyi mbaki nyumbani.