Hongereni kwa Kukifufua Kipande

Kwa Wakuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza,
Marsham Street, London.

KUH: VIZA YA MFANYAKAZI MWENYE UJUZI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Mombasa, mji ambao wazee wenu waliufikia bila kuulizwa mdhamini wao ni nani. Mimi ni mhandisi wa umeme. Kuna kampuni ya huko kwenu inayotaka kuniajiri. Ina leseni yenu ya kudhamini wageni, na imekubali kunilipa zaidi ya pauni 41,700 kwa mwaka, kiwango mlichokiweka Julai 2025 baada ya kile cha 38,700 cha Aprili 2024 kuonekana ni cha kimaskini. Muda mfupi kabla ya hapo zilitosha 26,200. Kupanda kwa kasi hiyo sisi tumezoea kukuona kwenye bei ya unga.

Msidhani nalalamika. Naandika kuwashukuru, maana mmenifundisha kujipima. Mnataka alama 70: za kazi 20, za kiwango cha ujuzi 20, za mshahara 20, na za Kiingereza 10. Sitini za kwanza hazikuwa na ubishi. Zile kumi ndizo zilizonitoa jasho.

Nimefundishwa hesabu kwa Kiingereza, fizikia kwa Kiingereza, na shahada nzima ya uhandisi kwa Kiingereza. Katika shule yetu ya msingi, aliyenaswa akiongea Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka naye amnase mwenzake. Nilikivaa sana kibao hicho. Lakini orodha yenu ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi ushahidi wa Kiingereza ina Malta, Belize na Guyana, Kenya haimo. Basi ama nilipe shahada yangu ithibitishwe kwamba kweli ilifundishwa kwa Kiingereza, ama nikalie mtihani, ambao tangu Januari 8, 2026 mmeupandisha kutoka daraja la B1 hadi B2. Nikaukalia. Walowezi wenu walipokuja huku, sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa mikataba ya miaka 999, na hakuna aliyewauliza Kiswahili chao kiko daraja gani. Ndiyo maana tukaachiwa Kisetla, Kiswahili cha walowezi ambacho vitenzi vyake vyote ni amri.

Kisha kuna pauni 1,270 za kujikimu. Mwajiri angeweza kuwahakikishia kwamba atanitunza mwezi wa kwanza, ila wangu hakutia alama kwenye kisanduku cha ahadi hiyo, kwa hiyo pesa zilipaswa kulala kwenye akaunti yangu siku 28 mfululizo bila kushuka hata senti. Waheshimiwa, aliyeitunga sheria hii hana shangazi. Kukaa na laki mbili na ushei benki siku 28, katika ukoo ambao umeshapata habari kwamba wewe unakwenda Ulaya! Wiki ya kwanza niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la matanga ya mzee niliyedhani tulimzika zamani. Ya pili ikaja karo ya mtoto wa dada, amerudishwa nyumbani, yuko mlangoni na sanduku. Ya tatu mama akapiga simu kunijulia hali tu, na mama hapigi simu kumjulia mtu hali tu. Mwisho nikawaambia wote kwamba pesa hizo si zangu, ni za Mfalme Charles, mimi namshikia. Wakaniacha, lakini kwenye kikao cha harusi iliyofuata sikupewa kamati yoyote.

Mapafu yangu nayo yalipigwa eksirei Nairobi, yakaonekana hayana kifua kikuu. Cheti cha kipimo hicho kinadumu miezi 6, namba ya udhamini anayoitoa mwajiri miezi 3, kwa hiyo mtu huombea nyaraka zake zisiwahiane kufa.

Kuhusu malipo nitasema kidogo, moyo wangu usije ukashindwa kabla sijafika kwenye hospitali nilizokwisha kuzilipia. Tozo ya afya ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote kwa mkupuo: kwa miaka 5 ni 5,175, kabla hamjanisikia hata nikikohoa. Nikianza kazi nitakatwa kodi kama Mwingereza yeyote, kodi ambayo nayo inaendesha hospitali zile zile. Ongeza ada ya viza yenyewe, pauni 1,519 kwa bei ya 2025, na tumeshavuka shilingi milioni moja za Kenya.

Haya yote ni gharama, na gharama tumezizoea. Kilichonifanya nichukue kalamu ni jambo jingine, ambalo nashangaa kwa nini hamjitangazii sifa zake. Mmekifufua kipande.

Babu zetu walikivaa. Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa 1915, vita vikaichelewesha, na ilipofika 1920 mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na karatasi ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Humo mliandikwa jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara na tarehe ya kuanza kazi. Tarehe ya kuacha kazi aliijaza mwajiri na kutia saini yake. Ukiondoka bila saini hiyo kwa sababu tu umechoka kutukanwa, wewe ni mtoro, na polisi watakutafuta. Mwanaharakati Harry Thuku alikipinga kipande, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Halafu mwaka 1947 serikali ya ukoloni ilipotaka watu wa rangi zote wasajiliwe kwa alama za vidole, walowezi walikuja juu: vidole vya mzungu vitiwe wino kama vya mhalifu? Mimi vyangu nimevitoa vyote kumi, na miadi yenyewe nikaisubiri kwa hamu.

Ninyi mmekiboresha. Bati limeondolewa. Hati ya udhamini si hata karatasi, ni namba ndani ya kompyuta, na tangu Julai 2025 sisi wa viza za kazi hatubandikiwi tena chochote kwenye pasipoti. Shingo iko huru kabisa. Ila namba ile ni ya mwajiri mmoja. Nikitaka kumhama, lazima nimpate mwingine mwenye leseni, anitolee namba yake, niombe viza upya, nilipe upya, na nisiguse kazi yake mpaka mkubali. Nikiacha au nikiachishwa, mwajiri ana siku 10 za kazi kuwaarifu, nanyi kwa kawaida mnanipa siku 60 za kutafuta mwingine au kufunga virago.

Binti wa jirani yetu wa Likoni alikuja kwenu 2023 kuwatunza wazee. Mlango huo mliufungua wenyewe Februari 2022, baada ya wazee wenu kukosa wa kuwaogesha. Babake aliuza kiwanja kumlipa wakala. Kampuni iliyomdhamini, ambayo jina lake naliacha, ilimwahidi kazi ya wiki nzima. Alipofika akapata zamu mbili, na chumba cha kulala na wenzake watatu. Alipouliza, meneja alimjibu kwa upole kwamba viza yake iko mikononi mwa kampuni. Akanyamaza. Mwenzake mmoja hakunyamaza, na baadaye kampuni ikanyang'anywa leseni. Haki ikatendeka: mwajiri akapoteza leseni, na binti yule akapoteza kazi, chumba na ruhusa ya kukaa nchini. Kwa hesabu zenu wenyewe, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 mlifuta leseni zaidi ya 470 katika sekta hiyo, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa chini ya waajiri hao. Mwizi mmemfungia duka, aliyeibiwa mmemfungia nchi. Julai 2025 mkaufunga mlango wenyewe, wasije wengine wakaonewa.

Nisionekane mnafiki. Hata kwetu, kibali cha kazi cha daraja la D kinachotolewa na idara ya uhamiaji, Nyayo House, humfunga mgeni kwa mwajiri aliyemwombea. Mwanafunzi mwema hasahau somo, na mwalimu tunamjua.

Ombi langu ni dogo. Orodha ya waajiri wenye leseni mnaiweka wazi mtandaoni, kila mtu anaiona. Aliyekwisha kuingia, akalipa, akapimwa mapafu na Kiingereza, mruhusuni ahamie kwa yeyote aliye kwenye orodha hiyo kwa kuwaarifu tu, na viza iwe yake badala ya kuwa ya bosi. Naelewa athari zake: waajiri wabaya watalazimika kulipa vizuri ili wasikimbiwe, jambo zito kulitaka katika nchi iliyoihubiria dunia nzima soko huria.

Mkiona nimezidi, mnaweza kuliweka ombi hili kando. Fomu yenu nimeijaza. Palipouliza kama nimewahi kushiriki ugaidi, uhalifu wa kivita au mauaji ya halaiki, nimejibu hapana. Palipouliza kama kuna jambo lolote linaloweza kuonyesha kwamba mimi si mtu mwenye tabia njema, nako nimejibu hapana, na lilikuwa jibu la kweli: barua hii nimeianza baada ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Wenu mtiifu,
Mwombaji, Mombasa.