Maji Hayamsubiri Mgeni Rasmi

"Shehe, chumba namba ngapi?"

Askari wa hoteli ana kirungu mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Mimi nimesimama mbele yake juu ya nyasi zilizonyolewa vizuri kuliko kichwa changu, natiririka maji ya chumvi. Sikuwa na pumzi ya kujieleza, nikamwonyesha kifua. Pale kifuani, kwa pini nne, nilikuwa nimebandikwa 417. Akaisoma, akafungua daftari, akateremsha kidole taratibu mpaka chini ya ukurasa.

"Hatuna mia nne," akasema. "Zetu zinaishia mia mbili na kumi."

Nyuma yake wageni walikuwa wakila papai. Mzee mmoja wa Kizungu alisahau uma wake hewani. Bibi mmoja alimsogeza mjukuu wake upande wa pili wa kiti, na hilo pia ningelivumilia, lakini kijana wa kukaanga mayai akainua kichwa na akanijua. Ni wa kwetu Waa, nyuma ya msikiti. "Ah! Kumbe ni wewe! Hujambo? Mama hajambo? Na yule mdogo, homa imeachia?" Adabu ya kwetu hairuhusu mtu akate salamu katikati, kwa hiyo nilisimama pale mwani ukining'inia gotini, nikamjibu habari za nyumba nzima, mmoja baada ya mwingine, huku omleti ya mtu ikiungua. Raba zangu bado ziko juu ya mpera, na bado zinadondosha maji.

Mbio zenyewe zilikuwa nusu marathoni, kilomita 21 juu ya mchanga, kuanzia Kongo pale mto Mwachema unapoingia baharini, kwenda Galu na kurudi. Kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliyeichagua saa hiyo alijua anachofanya, na nampa haki yake: siku ile maji yalikuwa yamepwa kabisa mnamo saa moja, na Diani maji yakipwa hupati mahali pazuri zaidi pa kukimbilia. Mchanga mpana, mgumu, mweupe, hauna matatu wala bodaboda.

Tatizo, mgeni rasmi hakuwa amefika. Saa moja mshereheshaji alitangaza kwamba mheshimiwa yuko feri. Saa moja na nusu bado yuko feri. Saa mbili, feri. Likoni huvukwa kwa dakika chache tu. Huyu nadhani alikuwa akivuka kwenda Pemba. Binti wa mazoezi akatupasha misuli, ikapoa. Akatupasha tena, ikapoa. Mara ya tatu wengine wetu tulikaa chini tukawa tunampigia makofi. Mheshimiwa alipofika, suti kamili na raba nyeupe ambazo hazijawahi kuona vumbi, alizungumzia afya, vijana, utalii na umuhimu wa kutunza wakati. Kisha akakimbia nasi mpaka kamera zilipoisha.

Kando yetu mzee mmoja mvuvi alikuwa akitengeneza wavu. "Leo mwezi una siku kumi na moja, wanangu," akasema bila kuinua macho. "Mnaenda Galu kwa miguu, kurudi mmekodi ngalawa?"

Tukacheka. Sasa lazima niyaeleze haya maji, kwa sababu tangu Jumapili sifikirii kitu kingine, na nyumbani hakuna tena anayetaka kunisikiliza.

Mwezi huivuta bahari. Upande wa dunia unaoutazama mwezi, maji huinuka. Hilo hata mtoto analikubali. Ajabu ni kwamba upande wa pili kabisa, ulioupa mwezi mgongo, maji huinuka vilevile, maana kule mvuto wa mwezi ni hafifu zaidi na maji ni kama yameachwa nyuma. Basi dunia inajizungusha chini ya vilima viwili vya maji, na ndiyo sababu tunajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Lakini mwezi nao hautulii. Dunia inapomaliza mzunguko wake, mwezi umeshasogea mbele, na huchukua kama dakika 50 kuufikia. Ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Huchelewa, naam, lakini huchelewa kwa ratiba, na Mamlaka ya Bandari huichapisha ratiba hiyo mapema ili kila mwenye chombo aisome. Jua pia huvuta, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, vikiwa mstari mmoja na jua, hutuletea bamvua, na hapo tofauti ya maji Kilindini hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, bahari inajisogeza kwa uvivu tu.

Na kuna hili ambalo nililijua nikiwa nimechelewa, na sasa nalisema kwa kila anayepita. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na ushei, na mabaharia hugawa kimo chote kwa mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1. Ya pili, 2. Ya tatu, 3, na ya nne, 3. Ya tano, 2. Ya sita, 1. Yaani bahari huanza polepole, hukaza katikati, kisha hulegeza mwishoni. Ndivyo makocha walivyotufundisha wengi wetu kukimbia, na bahari peke yake ndiyo iliyowasikiliza.

Fanya hesabu. Kupwa, saa moja. Saa ya tatu na ya nne, zile zenye nusu nzima ya maji yote, zinaangukia kati ya saa tatu na saa tano. Filimbi ya kuondoka ililia saa tatu na robo. Na pwani yetu imelala, haikusimama. Maji yakipanda kimo cha goti yanameza mchanga wa hatua nyingi. Tungeondoka kwa wakati, hata mwendo wangu mimi, ambao watoto wa Galu waliufuata wakitembea, ungenifikisha mwisho bahari haijapanda hata nusu.

Eliud Kipchoge alipokwenda kukimbia Vienna mwaka 2019, waandalizi walimtengea siku kuanzia tarehe 12 hadi 20 Oktoba, wakawa wanaitazama hali ya hewa kabla ya kusema siku na saa. Wakaamua tarehe 12, saa mbili na robo asubuhi. Akamaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, gari mbele likimmulikia mistari ya mwanga barabarani. Hakuna aliyemwambia kwanza asubiri, kuna mtu yuko feri.

Kwenda Galu kulikuwa na joto tu. Jasho halimpozi mtu kwa kutoka, humpoza kwa kukauka; lita moja ikikauka yote huondoka na joto la kilokalori kama 580. Lakini hewa ya Diani saa nne imeshashiba maji na haina nafasi ya jasho la mtu wa Waa. Linateremka machoni, linaingia kwenye raba, halikupunguzii kitu. Ndugu zetu wakimbiaji wa Iten, kule juu, husema hewa yao ni nyembamba. Waje wavute hii.

Kurudi ndipo mchanga mgumu ulipoanza kutoweka. Kwanza tulisukumwa juu kwenye mchanga laini, ule unaokula mguu mpaka kifundo. Kisha ule nao ukaisha. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa mawe kimo cha mtu, na mawimbi yakiupiga na kurudi, na mimi katikati, maji ya mapaja, nikiwa bado nainua magoti kama nilivyofundishwa. Walionitangulia walishapita zamani. Walionifuata sikuwaona tena. Penye ngazi pana kibao cha kusema ni za wageni wa hoteli pekee. Nikapanda.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Niliisoma jioni, miguu ikiwa ndani ya beseni. Kwa hiyo nina shamba Diani, tena linalotazama bahari! Sote tunalo. Ila hati yake anaitunza mwezi, anatupa asubuhi na kutunyang'anya mchana, na saa zile zikipita unabaki na ukuta mkono wa kushoto, bahari mkono wa kulia, na askari juu yako anayekuuliza umelipia chumba gani.

Nilidhani hapa nitaendelea kucheka. Ukitoka Ukunda kwenda baharini leo, hesabu milango kabla hujahesabu njia. Vijia ambavyo watu walivipita kwenda kuvua na kuoga vimebanwa na seng'enge pande mbili, vingine vimezibwa kabisa, na palipobaki kijia pana mtu wa kukuuliza unakwenda kwa nani. Mvuvi anabeba injini ya boti begani kwa mzunguko ambao baba yake hakuujua. Ukuta nao unaalika ukuta: wimbi likiupiga hurudi na mchanga wa mguuni pake, jirani anaona ufuo wake unaliwa, naye anajenga. Yuko mtoto Diani anayelala akisikia mawimbi kila usiku na hajui apite wapi mchana. Huyo hajachelewa mbio zozote. Na mheshimiwa aliyetuchelewesha, katika hotuba yake yote ndefu, hakulitaja hili hata kwa kukohoa.

Basi askari, kijana mwenye adabu, na sina ugomvi naye, alinitoa kwa lango la nyuma, lile linaloingizia mboga. Nikatokea barabara kuu ya Diani. Juu yangu, kwenye ngazi ya kamba iliyotundikwa kutoka mti hadi mti, mbega alikuwa anavuka na mwanawe tumboni. Zamani walikuwa wakigongwa na magari, mpaka watu wa uhifadhi wakawatengenezea madaraja hayo ili wafike upande wa pili salama. Ni kazi njema, nayaunga mkono madaraja yale. Nilisimama nikamtazama akivuka mpaka mwisho, bila haraka, bila kibao.

Nikakimbia kilomita zilizobaki kwenye lami, nikafika mwisho kutoka upande wa barabara, yaani mgongoni mwa mstari. Kijana wa kujitolea akanizungusha niingie kwa mbele, watu wakipiga makofi mara mbili, mara ya pili kwa unyonge. Kile kidude cha kupima muda kilicho nyuma ya namba hakina betri. Mkeka unatuma mawimbi ya redio, kidude kinaamshwa na nguvu hiyohiyo na kinajibu kwa namba yake. Ila mawimbi hayo hayaelewani na maji, na mimi nilikuwa maji matupu. Matokeo yalitoka usiku: 417, hakumaliza. Medali zilikuwa zimekwisha. Fulana iliyobaki ilikuwa ya mtoto. Dereva wa tuktuk alianika noti yangu kwenye kioo safari nzima.

Habari zilifika Waa kabla yangu, na njiani zilikuwa zimenenepa: nimeonekana hotelini Diani, asubuhi, nimelowa, na namba ya chumba kifuani. Mke wangu aliniuliza swali moja tu. "Mia nne na kumi na saba ni ghorofa ya ngapi?"

Kundi letu la wakimbiaji lina ada ya kukutana kesho yake jioni kibandani, mahamri na mbaazi, kila mtu asimulie yake. Mmoja soli ilimwacha kilomita ya tatu akaenda nayo mkononi. Mwalimu wa hesabu alipotea Galu, mahali ambapo bahari iko upande mmoja na huwezi kupotea. Dada mmoja alimaliza vizuri, wa nne kwa wanawake, na hatukumpa nafasi ya kusema. Kisha wakanigeukia kunipa moyo. "La muhimu afya, ndugu." "Wewe umekimbia mbio mbili, ya nchi kavu na ya majini." "Mwaka ujao utamaliza, inshallah." Nilimaliza, nikawaambia. "Ndiyo hivyo hivyo," wakanijibu kwa upole, wakanisogezea hamri. Hakuna kinachochosha kuliko kutiwa moyo na watu sita kwa pamoja na wote wanatafuna. Lakini sikosi kwenda. Nyumbani hakuna anayeuliza nilivuta pumzi vipi kwenye kilomita ya kumi na nne, na pale waliniuliza, wakabishana juu yake mpaka adhana ya magharibi.

Mbio zijazo ni za barabarani, kutoka Kombani kupanda mlima wa Kwale, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimelipa. Nimeuliza kundini mgeni rasmi anatokea wapi, nikaambiwa nisiwe na wasiwasi safari hii, anakaa Kwale palepale, nyumba yake inatazamana na uwanja. Nimemwomba mke wangu anishonee mfuko ndani ya kaptula, wa kuingia mahamri manne.